Kabla ya Kuulizia Sola, Tazama Paa

Mtu akinitafuta akisema anataka nyumba ya kijani, yaani isiyokula umeme mwingi wala kuharibu mazingira, mara nyingi swali lake la kwanza ni paneli ngapi za sola zitamtosha. Nami humuuliza: kwenye ramani yako, kaskazini iko wapi? Wengi hubaki wanaigeuzageuza karatasi. Mshale upo pembeni, mdogo, na hakuna aliyeutazama tangu ramani itoke kwa msanifu.

Sina ugomvi na sola. Nimesimamia ufungaji wake na naipenda. Kinachonikera ni mtu kununua paneli, betri na inverta ili azalishe umeme wa kufukuza joto ambalo nyumba yake imelikaribisha yenyewe.

Kwa anayejenga kwenye nchi za joto, ule mshale una kazi kubwa kuliko kifaa chochote atakachonunua baadaye. Jua la saa sita mchana liko juu, kwa hiyo upenu wa kawaida unalikinga. Jua la asubuhi na la saa kumi jioni huja limeinama, likapita chini ya upenu na kukufuata hadi kitandani. Ndiyo maana kuta ndefu, zenye madirisha mengi, zinafaa zitazame kaskazini na kusini, na zile fupi zibebe mashariki na magharibi. Magharibi ndiko kubaya zaidi, kwa sababu jua lake linafika wakati hewa ya nje nayo imeshapata moto. Huko peleka stoo, bafu, ngazi, sehemu ya kuegesha gari. Chumba cha kulala kikielekezwa huko, ukuta utakuwa bado unatema joto wakati wewe unatafuta usingizi.

Kiwanja kikikulazimisha, weka kivuli cha wima: luva (vipande vyembamba vya kukinga jua) za kusimama, mti, au ukuta wa tofali za matundu ulioachana kidogo na dirisha. Na kivuli kikae nje ya kioo. Pazia zito linakupa giza tu, maana joto limeshavuka kioo na liko chumbani pamoja nawe. Kuigeuza nyumba ikiwa bado kwenye karatasi hakuna gharama ya maana. Msingi ukishamwagwa, habari imekwisha.

Sasa paa. Hapa ndipo ninapobishana sana na mafundi, na hapa ndipo nisingependa ubane matumizi.

Nyumba ya chini, isiyo na ghorofa, hupokea sehemu kubwa ya joto lake kupitia juu. Nina kipimajoto kile cha kuelekeza kama bastola, na nikiingia kwenye nyumba inayolalamikiwa huelekeza kwanza darini, kisha ukutani. Saa nane mchana, dari iliyo chini ya bati tupu huwa ina joto kuliko kuta, na mwenye nyumba akiinua kiganja juu ya kichwa analihisi bila kipimo chochote. Bati la rangi nzito juani linaweza kuvuka nyuzi 65 za Selsiasi. Joto hilo linashuka kwa mnururisho, kwa namna ileile jua linavyotufikia, kwa hiyo kufungua madirisha hakulizuii.

Dawa ya kwanza ni rangi. Paa jeupe au la rangi hafifu linarudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka, na mara nyingi halina bei tofauti na jekundu au la kahawia. Litachafuka, ndiyo, na likichafuka linapungua nguvu. Lioshe.

Dawa ya pili ni foili, ile karatasi ya alumini inayong'aa, na ndiyo inayoharibiwa sana. Nimekuta mara nyingi imebanwa moja kwa moja kwenye bati, bila nafasi. Hapo ni hela imetupwa. Foili inafanya kazi pale tu upande wake unaong'aa unapotazama hewa. Ikigusana na bati, joto linapita ndani yake kama halijaona kitu. Acha nafasi ya sentimita mbili au zaidi, na upande unaong'aa utazame chini. Ukitazama juu, vumbi litatua na kuufunika, na foili yenye vumbi ni karatasi tu. Ukiongeza sufu ya mawe au ya kioo, yaani nyuzi laini za kukinga joto, juu ya dari, ni bora zaidi, ila isikanyagwe wala kulowa, kwa sababu kinachokinga joto ni hewa iliyonaswa ndani yake.

Kisha iache hewa ya darini itoke: matundu kwenye upenu, mengine kwenye mgongo wa paa, yote yakiwa na wavu. Usiposisitiza wavu, utawalaza popo.

Mfano ninaopenda kuwaonyesha wanaodhani haya yanahitaji utajiri ni shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Msanifu wake, Francis Kéré, alijenga kuta na dari kwa tofali za udongo, akaacha upenyo darini, halafu akalinyanyua bati juu yake kwa kenchi nyepesi za nondo. Hewa moto inapanda na kutoka, upepo unapita kati ya dari na bati, na joto la bati halimfikii mwanafunzi. Mwaka 2022 alipewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata.

Kuhusu kuta, ushauri wa jumla unapotosha. Ukuta mzito wa mawe au udongo unanyonya joto mchana na kuliachia usiku. Ni mzuri mahali ambapo usiku una baridi. Jengo la Eastgate la Harare, Zimbabwe, lililobuniwa na Mick Pearce na kufunguliwa mwaka 1996, linatumia hilo: feni huvuta hewa baridi ya usiku na kuipitisha kwenye zege, na zege lile linapoza ofisi kesho yake. Peleka wazo hilohilo mahali penye unyevunyevu ambapo usiku nako ni joto, na utakuwa umejenga tanuri. Huko kinachotakiwa ni upepo: madirisha pande mbili za chumba, mapana, yenye kivuli, na feni ya dari. Feni hula wati chache sana ukilinganisha na kiyoyozi. Ila inampoza mtu, haipozi chumba, kwa hiyo ukitoka izime.

Majengo ya biashara yana ugonjwa wake, nao ni kioo. Mwekezaji anaona picha ya jengo la nchi ya baridi, lenye kioo toka chini hadi juu, anasema nataka hili. Kule kioo kile kinasaidia kukusanya joto la jua wakati wa baridi. Huku kinakuletea joto lilelile, na utalitoa kwa kiyoyozi kwa miaka yote jengo litakaposimama. Ukipunguza kioo upande wa mashariki na magharibi, hata mashine za kupoza utakazonunua zitakuwa ndogo. Kiyoyozi kikubwa kuliko mahitaji nacho ni hasara: kinapoza haraka, kinajizima, na unyevu unabaki hewani, watu wakikaa kwenye baridi yenye unyevunyevu.

Kama jengo tayari lipo, anza na mita. Andika namba yake jioni mlango unapofungwa, iandike tena asubuhi kabla hawajaingia watu. Tofauti hiyo ni umeme uliotumika bila mtu ndani. Kuna seva na friji, sawa, lakini utakuta pia vyombo vya kuchemshia maji, taa za ngazi na viyoyozi vya vyumba vya mikutano vilivyokesha. Sijui ukaguzi mwingine wa bei rahisi kama huo.

Saruji haikwepeki, lakini inapunguzika. Uzalishaji wake unachangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, na zaidi ya nusu yake inatoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe yanapochomwa kutengeneza saruji, kwa hiyo hata tanuru la umeme safi halimalizi tatizo. Usizidishe zege kwa hofu. Mlipe mhandisi apige hesabu ya nguzo na nondo. Tofali za udongo zilizoshindiliwa kwa mashine, zenye saruji kidogo na zisizochomwa, zinatosha kabisa nyumba ya chini, mradi msingi uwe wa juu na upenu uzikinge na mvua.

Vyeti vya majengo ya kijani, mfano EDGE ya IFC, shirika la Kundi la Benki ya Dunia, inayodai upunguze angalau asilimia 20 kwenye nishati, kwenye maji, na kwenye athari ya kutengeneza vifaa vya ujenzi, vina maana zaidi kwa jengo la kupangisha au la mkopo. Kwa nyumba ya kuishi, mimi natumia programu yake tu, ambayo ni ya bure, kulinganisha machaguo.

Chochote utakachoamua, kiandike kwenye mkataba kwa jina, unene na namna ya kukifunga. Hela ikianza kupungua, foili na sufu ndivyo vya kwanza kurukwa, kwa sababu havionekani. Mimi husimamisha malipo ya dari mpaka nipande ngazi na kuona kilichowekwa kabla mbao hazijapigiliwa.