Miezi mitatu mnayoambiwa ni uongo

Mdogo wangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa kwenye basi natoka shifti ya usiku. Unasema hapo Mbagala Rangi Tatu kuna kituo kinafundisha Kiingereza cha kuongea, siku 90 mtu anatoka anagonga yai, ada laki nne na nusu, na nikichelewa kuituma utauza pikipiki. Halafu ukamalizia na lile lililonikera kuliko yote: kwamba hata wakishindwa kukufundisha si neno, "huko ukifika kinanyooka chenyewe, si kama wewe dada?"

Hakikunyooka chenyewe. Na hujui kwa sababu mimi sikuwaambia. Nilikuwa nikipiga simu nyumbani nachomekea maneno ya Kimombo ili mama asikie, mama akawasimulia majirani, majirani wakakusimulia wewe. Uongo huo nimeuanzisha mimi, kwa hiyo acha niuvunje mimi.

Nilikuja Leeds, Uingereza, mwaka 2023, viza ya kulea wazee. IELTS, ule mtihani wa Kiingereza wa kuombea viza, nilikuwa nimefaulu. Ile sehemu ya kuongea ni dakika 11 hadi 14: unakaa na mtu mmoja, chumba kimya, anakuuliza kuhusu mji wako na chakula unachopenda, unajibu yale uliyoyafanyia mazoezi. Shifti yangu ya kwanza ilikuwa ya saa 12, na hakuna aliyeniuliza kuhusu mji wangu.

Wiki ya pili bibi mmoja wa miaka tisini na kitu akanishika mkono, akasema taratibu kabisa, "I need to spend a penny, love." Kila neno nililijua. Spend, kutumia pesa. Penny, senti. Nikamfuatia pochi yake kabatini, nikampa. Akatikisa kichwa, akarudia. Nikafungua pochi, nikamwekea sarafu kiganjani. Akarudia mara ya tatu, sauti inatetemeka, kisha akanyamaza akaanza kulia, na nikaona maji yanatiririka chini ya kiti. Zamani vyoo vya umma vya Uingereza vilikuwa na kitasa cha kutumbukiza peni moja ndipo mlango ufunguke, na wako wazee ambao hadi leo wakitaka kwenda haja ndogo husema hivyo. Alikuwa ananiomba choo. Mtu mzima yule, amejikojolea mbele ya watu, na mimi namhesabia sarafu.

Msimamizi alinisema palepale, mbele ya wenzangu na mbele ya yule bibi: cheti changu nimekinunua wapi? Swali hilo nililielewa lote. Sikuweza kulijibu hata kwa sentensi moja. Kesho yake nikapelekwa chumba cha kufulia.

Miezi minne nimekunja mashuka, mdogo wangu. Naingia alfajiri, natoka giza limeshaingia, na mashine hazisemi na mtu. Nikirudi nyumbani tulikuwa Watanzania watano nyumba moja: ugali, muziki wa Bongo, stori za Simba na Yanga. Miezi ikakatika niko Uingereza, na Kiingereza changu ni kilekile nilichopanda nacho ndege. Hata wanaobeba boksi maghalani watakwambia hivyohivyo. Unasikia "faster", unasikia "break", basi. Lugha haiko hewani huku kama baridi. Unaweza kuishi ndani yake miaka kumi isikuguse.

Sasa hicho kituo chako. Umesema ni saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki. Kwa miezi mitatu hiyo ni kama saa 60. Cambridge, ambao mitihani ya Kiingereza ndiyo kazi yao, wanakadiria mtu anahitaji saa 350 hadi 400 za kufundishwa kutoka sifuri mpaka B1, yaani kiwango cha kati, na 500 hadi 600 mpaka B2, ngazi moja juu yake. Yaani kuvuka tu kutoka B1 kwenda B2 ni kama saa 150 hadi 200. Na darasa lina watu 30, umesema mwenyewe. Mwalimu akikaa kimya kabisa na mgawane saa moja sawasawa, wewe unapata dakika mbili. Kwa siku zote 90 utakuwa umefungua mdomo saa mbili. Laki nne na nusu!

Geuza uone upande wa pili. Marekani, wanapowafundisha wanadiplomasia wao Kiswahili, hiki chetu unachokiona chepesi, wanawawekea kama wiki 36 za darasani, na kujifunza ndiyo kazi yenyewe, wanalipwa mshahara. Kama wao hawaahidiwi siku 90, wewe unayeamka saa kumi usiku kuwahi abiria nani amekuahidi?

Siyo kwamba huna akili. Sisi tumesoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, kidato cha kwanza ghafla kila kitu Kiingereza, mwalimu anaeleza kwa Kiswahili kisha anatuandikia notsi za Kiingereza tunakariri. Tukatoka tunajua kuandika insha, na mdomo umefungwa. Na aliyejaribu kuongea tulimcheka. Mimi nimewacheka wenzangu, na wewe nimekucheka, pale ulipomsemesha yule Mzungu kivukoni Kigamboni. Nisamehe kwa hilo. Sasa hivi nalijua linavyouma.

Kilichonisaidia ni mzee mmoja tuliyekuwa tunamlea pale kazini. Maisha yake yote aliendesha mabasi. Aliponirudisha wodini yule msimamizi, nilianza kufika dakika 20 kabla ya shifti nikakaa naye. Kumbukumbu zilikuwa zinamtoka, kwa hiyo kila siku alinisimulia habari ileile, ya basi lililokwama kwenye theluji abiria wakashuka kusukuma. Siku ya kwanza niliambulia "bus" na "snow". Baada ya wiki mbili nikajua nani alikataa kushuka. Mwezi wa tatu akikwama namkumbusha, kwa maneno yake na kwa mkato wake. Hakuchoka kurudia kwa sababu hakujua kama anarudia. Mwalimu wa namna hiyo hauzwi. Alifariki Machi mwaka jana, na siku binti yake alipokuja kuchukua vitu nilikaa naye nusu saa tukaongea habari za baba yake, na nilipoinuka ndipo nikagundua sikuwa nimetafuta neno hata moja.

Hiyo ilikuwa karibu mwaka wa pili wa kuongea kila siku. Na hata leo siyo kila mahali. Na wazee naongea vizuri. Na daktari naongea. Lakini kampuni ya gesi ikinipigia simu natoka jasho, kwa sababu kwenye simu siuoni mdomo. Wenzangu wakitaniana chumba cha mapumziko, nusu ya utani inanipita. Vijana wa Kiwengwa kule Unguja wanaongea Kitaliano na watalii mpaka unashangaa, hawajakanyaga Italia. Lakini mpe mmoja wao gazeti la Kitaliano uone. Kila mtu lugha inamfungukia pale anapoitumia kula.

Kwa hiyo fanya hivi. Acha kuogopa makosa, ongea hata kama ni vipande. Ila usizoee makosa, mtu akikurekebisha shukuru na urudie palepale. Masikio kwanza: sisi irabu zetu ni tano, wao sauti za irabu ni kama 20, ndiyo maana "ship" na "sheep" kwetu ni kitu kimoja. Na sisi mkazo uko palepale, silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Wao unahama. "Photograph" wanakaza mwanzo, "photographer" wanakaza katikati, yale mengine wanameza. Chukua sauti fupi moja, dakika mbili, isikilize siku kumi, iseme nyuma yake mpaka pumzi zenu zilingane. Usiruke kwenda nyingine. Sarufi achana nayo kwanza. Hapana, usiachane nayo, Maktaba Kuu pale Bibi Titi kuna vitabu, nenda Jumamosi. Lakini usijifiche humo, mimi nilijificha humo miaka sita.

Tafuta mtu mmoja wa kuongea naye. Mmoja tu, anayekujibu. Wachonga vinyago wa Mwenge wamefika mbali kwa njia hiyo bila cheti.

Na jipe miaka miwili. Hesabu hiyo ni yangu, kwa mtu wa kidato cha nne kama wewe, saa moja kila siku ya kuongea kweli. Mwezi wa sita utaona hujasogea. Mimi niliona hivyo, nikataka kurudi Dar.

La viza nalo ulijue mapema. Mlango niliopitia mimi umefungwa: tangu tarehe 22 Julai 2025 hawachukui tena walezi wapya kutoka nje. Na viza za kazi za ujuzi, tangu Januari 2026 waombaji wapya wanatakiwa wawe B2, siyo B1 kama mimi. Usijifunze Kiingereza kwa ajili ya ndege. Jifunze kwa sababu pale Posta kuna wateja wanaolipa vizuri na wewe unawakimbia.

Pikipiki usiiuze, nakuomba. Ada sitatuma. Kama umeshalipa kianzio nenda, kaa mbele, na hizo dakika mbili usimwachie mtu. Nitatuma ya bando. Jumapili saa tatu usiku, saa za Dar, nitakupigia, nusu saa, Kiingereza kitupu, na kila Jumapili itakayofuata. Ukikwama, kwama, nitasubiri. Sitacheka. Utanisimulia habari ya siku ile mvua ilipokata barabara Jangwani ukamvusha yule mama na mtoto mgongoni, na Jumapili inayofuata utanisimulia hiyohiyo.

Mwambie mama hela ya dawa imeshaingia, aangalie simu.