Sintesaiza ndogo 30 kwenye mtandao mmoja: usirushe sauti, gawa saa

Umeuliza namna ya kuzifanya sintesaiza ndogo 30 (vyombo vya kielektroniki vya kutengeneza sauti) zilizotawanywa ukumbini zilie pamoja bila kuchelewana, na kama inafaa kurusha sauti yenyewe kwa Wi-Fi kutoka kompyuta moja. Niliwahi kujenga kazi ya namna hiyo yenye vyombo 24, kila kimoja kikiwa na ESP32 (chipu ndogo ya kompyuta yenye Wi-Fi), amplifaya ya wati 3 na spika yake.

Usirushe sauti, kwa sababu pakiti moja, yaani kifurushi kimoja cha data, ikichelewa husikika papo hapo kama mkwaruzo. Kila chombo kitengeneze sauti yake chenyewe, nawe ukitumie maagizo tu: noti ipi, kwa nguvu gani, na ilie saa ngapi. Mimi mwanzoni sikuweka saa; nilituma amri ya kulia palepale kwa vyombo vyote kwa mpigo, na pigo lililokusudiwa kuwa moja likatoka limemwagika kama shanga zilizokatika uzi. Nusu ya kosa ilikuwa hali ya kubana umeme ya Wi-Fi, ambayo ESP32 huja nayo ikiwa imewashwa: chombo kimoja tu kikisinzia, ruta hushikilia pakiti zinazotumwa kwa wote kwa mpigo hadi zamu ya kuamshana, na zamu hizo kwa kawaida hupishana kwa takriban milisekunde 100. Nikaizima. Kisha nikafanya kila chombo kiulize kompyuta kuu saa mara kwa mara, kiongeze kwenye saa iliyojibiwa nusu ya muda wa kwenda na kurudi, na kuamini majibu yaliyorudi upesi tu. Maagizo nayo nikayatuma milisekunde 200 kabla ya wakati wake.

Tofauti ya milisekunde mbili tatu iliyobaki sikuihangaikia. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo aliyesimama kando ya chombo kimoja atakisikia kilicho mita 10 mbali kikichelewa karibu milisekunde 29 hata saa za vyombo zikilingana kabisa. Afadhali utunge muziki unaoupenda mtawanyiko huo.

Kilichonitesa zaidi, na ambacho hukukiuliza, ni umeme. Nilisambaza volti 5 kwa waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5, na kila noti nzito ilipolia kwa pamoja, vyombo vya mwisho wa mstari vilinyamaza, vikatoa mlio mfupi wa "tk", vikaanza upya kutafuta mtandao. Mita 10 za waya huo, kwenda na kurudi, zina ukinzani wa takriban omu 0.7, ampea 2 zikipita, unapoteza volti 1.4. Nilibadili nikasambaza volti 24, na kila chombo nikakiwekea kishusha volti chake pamoja na kapasita (kihifadhi kidogo cha umeme) ya mikrofaradi 1,000. Tangu hapo hakuna kilichozima, isipokuwa kimoja ambacho mtoto wa mgeni alikichomoa.