Maswali na Majibu: Wahusika Wanapozungumza

Swali: Naandika hadithi fupi. Nikishafunga alama za mtajo, “alisema” ianze kwa herufi kubwa au ndogo?

Ndogo. Katika miswada ninayoletewa, hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote:

“Njoo hapa.” Alisema mama.

Sentensi imevunjwa katikati. “Alisema mama” haisimami peke yake, inategemea kilichosemwa. Tia mkato kabla ya kufunga alama, kisha endelea:

“Njoo hapa,” alisema mama.

Ila mama akifanya jambo jingine badala ya kusema, nukta inarudi, na herufi kubwa nayo:

“Njoo hapa.” Mama akafunga mlango.

Kipimo ni kitenzi. Kunong’ona, kufoka, kujibu, kung’aka: hivyo vyote hutoa maneno. Kufunga mlango au kukuna kichwa havitoi. Ndiyo maana “Karibu,” akatabasamu inanikera kila nikiisoma. Tabasamu halitamki neno. Andika: “Karibu.” Akatabasamu.

Swali: Na maneno yakiishia kwa alama ya kuuliza?

Bado ndogo: “Umekula?” aliuliza bibi. Alama hiyo imefunga swali la bibi tu, sentensi ya msimulizi inaendelea. Wanaoandikia kwenye simu wawe macho, maana simu ikiona alama ya kuuliza huipandisha herufi inayofuata yenyewe. Jina la mtu, bila shaka, hubaki na herufi yake kubwa: “Umekula?” Asha aliuliza.

Swali: Nikimkatiza mhusika katikati ya maneno yake?

Tazama kama sentensi yake imekwisha. “Mimi,” akasema, “sitarudi tena.” Hiyo ni moja, kwa hiyo s ni ndogo. “Sitarudi,” akasema. “Nimechoka.” Hizo ni mbili.

Swali: “Shikamoo, babu” au “Shikamoo, Babu”?

Mbele ya jina, kama Babu Ali, herufi kubwa. Likiwa peke yake mimi huandika ndogo. Wapo wanaolipandisha kwa kuwa limeshika nafasi ya jina, nao siwakosoi, mradi hadithi nzima iende hivyo. Ninachokisisitiza ni mkato unaomtenga anayeitwa. “Mwite mama” ni kuagizwa ukamwite mama. “Mwite, mama” ni mama mwenyewe anayeagizwa. Mkato mmoja umembadilisha mtu wa kuitwa!

Swali: Tamthilia nazo zinahitaji alama za mtajo?

Hapana. Jina la mhusika, nukta mbili, kisha maneno yake.

Swali: Mzee katika riwaya yangu anasimulia aya tatu mfululizo. Nifungue na kufunga kila aya?

Fungua alama mwanzoni mwa kila aya, lakini funga mwishoni mwa aya ya tatu tu. Ukifunga mapema, msomaji atadhani aya inayofuata inasemwa na mtu mwingine.