Zumu za pembe pana: ukali wa katikati hautoshi kuamua

Mkuu, umeuliza kati ya zumu (lenzi ya kuvuta na kupanua picha) ya 14-24mm yenye f/2.8 na ile ya 16-35mm yenye f/4 ipi inatoa picha bora (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana zaidi), ukaweka vipande vya katikati ya fremu ili tulinganishe. Katikati hapatakupa jibu, kwa sababu karibu kila zumu ya kisasa ya aina hii ni kali hapo. Zinapoachana ni kwenye kona, ambako mwanga huingia kwa mshazari mkubwa: kwenye sensa ya fremu kamili (ya milimita 36 kwa 24), 14mm huona nyuzi 114 kutoka kona hadi kona, ilhali 24mm huona nyuzi 84 tu.

Nilipolinganisha zangu mbili nilifunga kamera kwenye stendi, nikazima kidhibiti cha mtikisiko, nikapiga ukuta wa matofali. Kona za lenzi ya kwanza zilitoka kama zimepakwa mafuta, nusura niiuze. Kisha nikahamishia fokasi kwenye kona yenyewe, nikapiga tena bila kugusa kitu kingine, na saruji iliyo kati ya matofali ikaonekana punje kwa punje. Safari hii katikati ndiko kulikolegea. Kumbe lenzi ilikuwa na ukali wa kutosha, ila eneo lake la fokasi limepinda kama bakuli wakati ukuta ni bapa. Mpindo huo ukielekea upande wa kamera, unaweza hata kukufaa kwenye mandhari yenye mawe ya karibu katika kona za chini.

Lenzi ya pili ilikuwa na kasoro halisi, maana kushoto ilikuwa safi na kulia imefifia. Niligeuza kamera juu chini na kurudia: kama ukungu ungehamia upande wa pili wa fremu, kosa lingekuwa langu la kutoilekeza kamera sawasawa na ukuta. Ulibaki kulia. Nikabadilishiwa, na nakala iliyofuata, ya modeli ileile, ilikuwa sawa pande zote. Kwa hiyo pima nakala utakayoinunua wewe, usitegemee vipimo vya nakala ya mtu mwingine peke yake.

Linganisha pia baada ya programu kunyoosha mistari iliyopindishwa na lenzi. Nikon Z 14-30mm f/4 S ya mwaka 2019, kwa mfano, inategemea sana marekebisho hayo kwenye 14mm, na kona zikivutwa hupoteza sehemu ya ukali wake. Rangi za zambarau na kijani kwenye kingo zisikusumbue, kwani husafishwa kwa urahisi.

Kasoro iitwayo koma, inayofanya nukta ya mwanga kwenye kona itanuke, ndiyo nisiyoivumilia. Nyota ya kwenye kona inayoota mabawa haina programu ya kuirudisha kuwa nukta. Itabidi upunguze tundu la lenzi, na hapo ile f/2.8 uliyoilipia, inayopitisha mwanga maradufu ya f/4, hutaitumia. Kama unapiga anga la usiku, chukua 14-24mm, lakini jaribu kwanza nyota za kwenye kona tundu likiwa wazi kabisa, na ukumbuke kwamba nyingi za aina hiyo, kama Nikon 14-24mm f/2.8G ya mwaka 2007, zina kioo cha mbele kilichovimba kisichokubali filta ya kufungwa mbele kwa kuzungusha. Kwa mandhari ya mchana mimi ningechukua 16-35mm bila kusita na kuitumia kwenye f/8 hadi f/11, kwa sababu ukifika f/16 mtawanyiko wa mwanga unaopita kwenye tundu dogo huanza kulainisha fremu nzima, pamoja na zile kona ulizokuwa unazihangaikia.