Muulize Shangazi: Naenda kijijini India, nitaweza kweli?

SWALI: Shangazi shikamoo. Rafiki yangu tuliyesoma naye hapa Mombasa, wao asili yao Kutch, jimbo la Gujarat huko India, anataka twende wote kwa bibi yake kijijini karibu na mji wa Bhuj mwezi wa tano, tukae wiki tatu. Wanalima pamba na karanga. Mamangu asema kule hakuna stima wala choo nitarudi na homa. Ni kweli? – Binti wa Majengo

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie mama atulie kwanza, mimi nshakaa huko siku kumi na tano na nikarudi nimenenepa. Siku ya kwanza tu mzee mmoja kibarazani kanisikia nazungumza na simu akaniuliza kwa Kiswahili, "Makupa bado kuna foleni?" Kumbe alikuwa na duka Mwembe Tayari enzi hizo! Vijiji vya hapo kama Madhapar na Baladia wenyewe wengi wako Nairobi, Mombasa na London, kwa hivyo utaona jumba la ghorofa limepigwa kufuli, mwenyewe hadi Disemba, na ukutani pake jirani kafunga nyati wake wa maziwa, huko wafugwa kama ng'ombe. Nyumba nyingi ni mpya, za zamani ziliporomoka kwa lile tetemeko la Januari 26, 2001.

Stima iko, tena pengine kushinda yako ya Majengo. Gujarat walitenganisha laini tangu 2003, ya nyumbani mbali na ya shambani mbali, nyumbani inawaka saa zote lakini pampu za shamba zapewa kama masaa manane kwa zamu, na zamu yenyewe nilipokuwa huko saa zingine iliangukia usiku, ndo nikimsikia baba wa nyumba akitoka saa nane za usiku na tochi kwenda kufungulia maji pamba yake. Beba adapta, plagi zao za pini za mviringo. Choo ni cha kuchuchumaa na kopo, kwani wewe umezoea nini? Maji ya mto Narmada yamevutwa kwa mabomba mpaka Kutch, lakini yaja kwa saa zake, kila mtu ajaza tangi. Afadhali, mkokoteni wa mitungi sikuuona.

Sasa nikwambie kilichonikalisha mdomo wazi, maziwa. Jioni kina mama wapanga foleni na mikebe ya stili kwenye kituo cha ushirika kinachonunua maziwa, mwenye kituo achota kidogo atia kwenye mashine, mashine yasoma mafuta, karatasi yatoka imeandikwa lita, mafuta na pesa zako. Mtia maji aumbuka papo hapo mbele ya foleni nzima! Ushirika wa namna hii Gujarat ulianzia mji wa Anand mwaka 1946. Mama niliyefikia kwake ana nyati wawili tu, na pesa ya maziwa ni yake, mume hagusi. Nilitamani nimlete yule kijana aniuziaye maziwa hapa mtaani aone.

Chakula: mkate wa uwele na siagi, kichri (mchele na dengu pamoja), mtindi mwepesi kila saa. Nyama usiulize kwenye nyumba ya watu wasioila, subiri mjini Bhuj. Pombe marufuku Gujarat karibu yote, mama hapo afurahi. Dukani hata wa karanga alipwa kwa kuscan na simu, lakini bila akaunti ya benki ya huko utahangaika, badilisha pesa utembee na noti.

Tatizo langu ni huo mwezi wa tano tu. Joto lapita digrii 40, upepo kama umefungua oveni, mchana kijiji chote kimelala. Mkiweza sogezeni Disemba, usiku kuna baridi beba sweta. Mkishindwa basi nendeni, embe za kesar zinakuwa zishaanza.

SWALI: Ni kweli Gujarat kuna vijiji vya watu weusi kama sisi? – Msomaji, Likoni

JIBU: Kweli kabisa, waitwa Siddi, wazee wao walitoka huku kwetu Afrika zamani sana. Kijiji cha Jambur, karibu na msitu wa Gir wenye simba, wengi ni wao. Wazungumza Kigujarati, Kiswahili kiliwapotea, ila ngoma yao waiita goma mpaka leo.