Ayani inaenda safi, draiva inakata kulia: angalia uso wa fimbo kwanza

Mkuu umeuliza kwa nini kwenye gofu ayani namba 9 (fimbo fupi ya chuma) inakutii vizuri tu, ila ukishika draiva (fimbo ndefu ya kupigia mbali) mpira unatoka kulia halafu unazidi kupinda kulia, na ukijaribu kulenga kushoto ndo unapinda zaidi. Hilo tatizo nimeishi nalo muda mrefu sana kwa hiyo nivumilie ntaandika kirefu. Naongelea mtu anayepiga mkono wa kulia, wa kushoto ageuze.

Mi nilifundishwa kwamba mpira unaanza kuelekea kule fimbo inakopita, halafu uso wa fimbo (ile sehemu bapa inayogonga mpira) ndo unaupindisha. Ni kinyume chake, na hilo kosa limepotezea watu muda mwingi mno. Mwanafizikia wa Marekani, Theodore Jorgensen, alishaipigia hesabu hii kitu kabla ya rada za gofu (mashine za kupima mpira unavyoruka) kuenea, na rada zilipokuja hamna ubishi tena: mpira unaanzia karibu na kule uso unakotazama wakati wa kugusana. Kwa ayani uso unaamua kama asilimia 75 ya mwelekeo wa kuanzia, kwa draiva kama 85. Njia ya fimbo kazi yake kubwa ni kwenye kupinda, yaani tofauti kati ya uso na njia ndo inauzungusha mpira. Uso ukiwa kulia kwa njia, unapinda kulia, na pengo likikua unapinda zaidi.

Sasa chukua mfano. Njia inaenda digrii 5 kushoto, uso unatazama digrii 3 kulia, pengo ni digrii 8. Mpira unaanza kulia kidogo halafu unakimbilia vichakani. Ukiona hivyo unageuza miguu na mabega kushoto, njia nayo inafika digrii 8 kushoto, ila mikono bado inataka mpira uende kwenye bendera kwa hiyo uso unabaki pale pale, na pengo limeshakuwa 11. Nilifanya hivi kila wikiendi nikidhani narekebisha, kumbe nauongezea mpira mzunguko kwa mikono yangu mwenyewe.

Na kwa nini ayani inakuficha? Kuna mambo mawili. La kwanza ni mlalo wa uso: namba 9 imelala sana, mpira unapata mzunguko mwingi wa kurudi nyuma, kwa hiyo pengo lile lile linaupindisha mpira kidogo tu. Draiva imesimama, pengo hilo hilo linaupindisha sana. La pili ni mahali mpira ulipo kwenye duara la swingi, yaani ule mzungusho wa fimbo unapopiga. Fimbo haiendi kwenye mstari, inazunguka mwili: kabla ya kufika chini kabisa inakuwa bado inatoka nje kuelekea kulia, ikishapita chini inaanza kurudi ndani kushoto. Ayani unaipiga ikishuka, draiva mpira uko juu ya tii (kile kipini kidogo cha kuwekea mpira) mbele ya mguu wa kushoto unaipiga ikiwa inapanda, yaani njia imeshaanza kwenda kushoto hata kama swingi ni ile ile. Mi nilikuwa nauweka mpira mbele kupita kiasi, na ili niufikie mabega yakawa yanafunguka yenyewe kuelekea kushoto. Nilipourudisha nyuma upana wa mipira miwili tu (mpira ni milimita 42.67, kwa hiyo ni kama sentimita 8 na nusu) mabega yalikaa sawa bila kufikiria swingi kabisa.

Kabla hujabadilisha chochote lakini, puliza poda ya miguu kwenye uso wa draiva upige mipira mitano uone alama iko wapi. Yangu ilikuwa imejazana upande wa kisigino, karibu na shingo ya fimbo. Ukigonga kisigino kichwa cha fimbo kinajizungusha na mpira unapata mzunguko wa kukata kulia hata kama uso na njia vilikuwa sawa, ukigonga upande wa ncha ni kinyume. Mtu anaweza kuhangaika na mshiko mwezi mzima wakati shida ni kwamba amesimama karibu mno na mpira.

Alama ikiwa katikati, hapo sasa ndo uende kwenye uso. Kugusana kunachukua kama nusu ya elfu moja ya sekunde, huwezi kurekebisha kitu pale, lazima kiwe kimeshaandaliwa kwenye mshiko. Tazama mkono wa kushoto ukiwa umeshika: ukiona kifundo kimoja tu cha vidole mshiko wako ni dhaifu sana, uzungushe mkono kulia mpaka uone viwili au vitatu.

Halafu chomeka kijiti mita 3 mbele ya mpira kwenye mstari wa shabaha. Uso ukikosea mpaka mpira ukaanza digrii 3 pembeni, pale unapita sentimita 16 hivi kutoka kwenye kijiti, unaona kwa macho bila mashine yoyote, na hizo hizo digrii 3 kwenye mita 200 ni mita 10 na ushee hata kabla haujapinda. Anza na ayani namba 7 nusu swingi, usiangalie mpira unatua wapi, angalia tu umepita upande gani wa kijiti. Ukipita kulia, uso ulikuwa kulia, zungusha mshiko kulia kidogo urudie. Draiva iache kwenye begi mpaka mipira ianze kukikwangua hicho kijiti pande zote mbili.