Vitamini D au mazoezi kwa mzee anayeanguka

Ndugu, umeuliza kama mama wa miaka 72 anayeanguka, anayeishi nyumbani kwake hapo Kongwa, atumie vitamini D au afanye mazoezi. Kwake, mazoezi ndiyo yanayopunguza kuanguka, si vidonge vya vitamini D. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane (mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za afya), yaliyokusanya majaribio 108 kuhusu wazee wanaoishi majumbani, yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza matukio ya kuanguka kwa takriban asilimia 23, hasa yale ya msawazo na ya kuimarisha misuli ya miguu, kama vile kuinuka kitini (kiti cha kawaida, si kigoda) na kuketi tena mara kadhaa, au kusimama kwa mguu mmoja huku ukuta ukiwa karibu. Vitamini D humfaa aliyepimwa akakutwa na upungufu. Dozi kubwa ya mara moja kwa mwaka, iliyojaribiwa Australia kwa wanawake wazee, iliongeza matukio ya kuanguka badala ya kuyapunguza. Iwapo mama huona kizunguzungu anapoinuka, apimwe kwanza shinikizo la damu, na daktari apitie dawa zote anazotumia kabla hajaanza mazoezi.